Mvinyo wa Pwani ya Italia kwenye Meza ya Tongaren

Wavuvi wa Monterosso, kijiji cha pwani ya Liguria kaskazini-magharibi mwa Italia, wanasifika kwa acciughe, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao hukolezwa chumvi na kukamuliwa limau, au hukaangwa hadi wakauke. Kina mama wa soko la Naitiri, katika eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma magharibi mwa Kenya, huuza omena: wadogo vivyo hivyo, wa rangi ya fedha vivyo hivyo, waliokaushwa juani kando ya Ziwa Victoria na kupimwa kwa mkebe. Watu wa Liguria huwala samaki wao na mvinyo mweupe wa kwao uitwao Vermentino. Mpishi wa Tongaren anayetaka kuufahamu mvinyo huo hana haja ya kutafuta kamba wala pweza. Aanze na omena.

Chupa ya mvinyo si kitu kigeni tena katika sherehe za Bungoma na Trans Nzoia. Huonekana kwenye mahari, mahafali na mikusanyiko ya Desemba, jamaa wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa. Lakini mara nyingi huwa ni mvinyo mwekundu wenye sukari, nao huletwa wakati sahani zimekwisha kuondolewa au keki inapokatwa. Mvinyo mweupe usio na sukari una kazi nyingine. Umetengenezwa ukae kando ya chakula, na vyakula vinavyopikwa kila siku kati ya Kamukuywa, Ndalu na Kitale vinaufaa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Zabibu ya kando ya bahari

Vermentino ni jina la zabibu na pia la mvinyo unaotokana nayo. Hulimwa Liguria, kwenye pwani ya Toscana, katika kisiwa cha Sardinia, na pia Corsica, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa. Wafaransa wa Provence huiita Rolle. Magharibi mwa Liguria wakulima wana Pigato, na wenzao wa Piemonte wana Favorita. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba zote hizo ni zabibu moja.

Mahali inapolimwa panaonekana katika ladha yake. Gallura, kaskazini-mashariki mwa Sardinia, ni nchi ya miamba ya matale na udongo mwembamba wa changarawe, inayopigwa na upepo wa baharini uitwao maestrale. Mvinyo wa huko, Vermentino di Gallura, ulipewa mwaka 1996 daraja la DOCG, ambalo ndilo la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia, na hakuna mwingine kisiwani humo wenye daraja hilo. Cinque Terre, vile vijiji vitano vya Liguria ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyojengewa kuta za mawe juu ya miteremko mikali inayoishia baharini. Huko Vermentino huchanganywa na zabibu nyingine za kienyeji, Bosco na Albarola.

Anayeuonja kwa mara ya kwanza hukutana na limau, tufaha la kijani na pea, kisha harufu ya majani makavu ya porini. Wengi husikia chumvi kwa mbali. Mwishoni hubaki uchungu mdogo kama wa lozi, na uchungu huo ndio unaoutofautisha na mivinyo mingi myeupe inayouzwa Kenya. Kileo chake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 12 na 13.5.

Uchachu, chumvi na uchungu

Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama mvinyo huu utakubaliana na sahani.

La kwanza ni uchachu. Samaki aliyekaangwa huacha mafuta mdomoni, na ndiyo maana mlaji huomba ndimu. Uchachu wa Vermentino hufanya kazi ya ndimu: hukata mafuta na kuufanya ulimi uwe tayari kwa tonge linalofuata. La pili ni chumvi. Chakula chenye chumvi ya kutosha huulainisha mvinyo mkali na kuyatokeza matunda yaliyo ndani yake, ilhali chakula kilichopoa chumvi huuacha ukiwa mchachu mtupu. La tatu ni uchungu, na hapa ndipo Bungoma inapoingia kwa nguvu zote, kwa sababu mboga za kienyeji za huko nyingi zina uchungu wake, na mlaji aliyekulia kwenye saga na managu hahitaji kufundishwa kuupenda.

Uchachu nao si mgeni. Busaa, inayotengenezwa kwa unga wa mahindi na wimbi na ambayo wazee wa Kibukusu hunywa kwa mirija mirefu kutoka kwenye chungu kimoja, ni kinywaji kichachu. Mtu aliyezoea uchachu wa busaa ana ulimi ulioandaliwa kwa mvinyo mkavu kuliko yule aliyelelewa kwa soda peke yake. Tofauti iko katika kileo na katika namna ya kunywa: Vermentino una kileo kingi kuliko busaa, na hunywewa kidogo kidogo, funda baada ya tonge.

Kuna ugali pia. Ugali hauna chumvi wala mafuta, hivyo hauupingi mvinyo wowote. Kinachotazamwa ni mboga iliyo kando yake. Waitalia wa kaskazini wanalijua hilo, kwa kuwa nao hula polenta, chakula cha unga wa mahindi uliosongwa, na huchagua mvinyo kwa kuangalia mchuzi, jibini au samaki aliyewekwa juu yake.

Sahani kwa sahani

Omena ndio mwanzo mzuri. Waoshwe kwa maji moto mara mbili au tatu ili mchanga na harufu kali viondoke, wachujwe, kisha wakaushwe kwenye sufuria isiyo na mafuta kabla ya kukaangwa hadi wavunjike mdomoni. Kitunguu kiwe cha kutosha, nyanya ziwe chache, na mchuzi uwe mzito unaowashika samaki badala ya kuwazamisha. Limau likamuliwe mwishoni, sufuria ikishatoka motoni. Omena wa namna hii wanahitaji Vermentino mwepesi wa karibuni, kama ule wa Riviera Ligure di Ponente, uliopoa barabara.

Ngege wa kukaanga mzima anafaa vilevile. Tangu mpango wa serikali wa kuchimba mabwawa ya samaki ulioanza mwaka 2009, ufugaji wa samaki umeenea magharibi mwa Kenya, na Bungoma haikuachwa nyuma. Ngege si lazima atoke ziwani tena. Apigwe chale, apakwe chumvi na limau, akaangwe mafuta yakiwa yamechemka hasa ili ngozi ikauke. Kachumbari ya kando iwe na dhania nyingi na pilipili kidogo, kwa sababu kileo huuongeza moto wa pilipili, na mlaji akizidiwa na moto hawezi kuonja mvinyo wala samaki. Kambare ana mafuta zaidi na harufu ya tope. Akikaushwa kwa moshi kisha akapikwa, apewe mvinyo mzito zaidi, ule wa Gallura.

Kuku wa kienyeji, yule ingokho anayempa mgeni heshima yake katika nyumba ya Mluhya, hupikwa polepole mpaka nyama yake ngumu ilegee na mchuzi unene. Watu wengi hudhani kuku wa namna hii anataka mvinyo mwekundu. Akipikwa kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na dhania, mvinyo mweupe wenye mwili humfaa kabisa. Sharti ni mpishi apunguze vile viungo vya pakiti, ambavyo huleta ladha moja inayofunika zote, na aache mchuzi uwe na ladha ya kuku. Vermentino di Gallura wenye neno Superiore kwenye lebo, ambao kwa sheria haupungui asilimia 13 ya kileo, una uzito wa kusimama mbele ya mchuzi huo.

Mboga zinastahili kutendewa kwa uangalifu, kwani ndizo zenye utajiri mkubwa katika jambo hili. Saga na managu, zikichemshwa na kumwagwa maji ya kwanza, kisha zikapikwa kwa maziwa au malai, hubakiwa na uchungu unaokutana na ule wa lozi ulio mwishoni mwa Vermentino. Maziwa huulainisha uchungu, na mvinyo huukata uzito wa maziwa. Watu wa Liguria wanajua utamu wa jambo hili, kwa kuwa wana mchanganyiko wao wa majani machungu ya porini uitwao preboggion, ambao huuchemsha na kuula hivyo au kuutia ndani ya tambi. Mrenda na kunde zilizopikwa kwa musherekha, chumvi ya kienyeji inayochujwa kutoka kwenye majivu, huwa laini na zenye utelezi. Magadi yaliyomo hupingana na uchachu, kwa hiyo mpishi atumie musherekha kidogo kuliko kawaida siku atakayotenga mvinyo, na akitaka aongeze kijiko cha karanga zilizosagwa.

Malewa, kama wanavyoyaita upande wa Mbale nchini Uganda, ni machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon ambayo hukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Wakazi wa pande zote mbili za mlima huo wanayapenda. Moshi na mafuta ya karanga pamoja ni mzigo mzito kwa mvinyo mwepesi, kwa hiyo hapa tena Gallura ndio wa kuchagua, na usipozwe sana.

Kumbikumbi, wale chiswa wanaookotwa mvua zinapoanza, wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kutiwa chumvi, huwa na ladha ya karanga na siagi. Ni kitafunio bora cha kutanguliza pamoja na glasi ya kwanza. Uyoga wa msimu huo huo, ukikaangwa kwa siagi na kitunguu saumu, haubaki nyuma.

Nyama ya ng'ombe ya kuchoma haiufai mvinyo huu. Mafuta na ladha ya makaa huufunika kabisa. Mbavu za mbuzi mchanga zilizochomwa kwa chumvi na limau tu zinawezekana. Maandazi, keki na chai ya maziwa yenye sukari viwekwe mbali: sukari iliyo kwenye chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mwembamba, na mnywaji akadhani umeharibika.

Kuchagua chupa

Vermentino ni rahisi kuupata Nairobi, au Malindi ambako Waitalia wamekuwepo kwa miongo mingi, kuliko Kitale. Malindi iliwavutia hasa tangu miaka ya 1960, Italia ilipoweka kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti katika maji ya Ngomeni, na leo mikahawa ya mji huo hupika tambi kwa kaa na kamba wa Bahari ya Hindi. Jamaa anayerudi Tongaren kwa likizo ndiye wa kuagizwa.

Mnunuzi asome lebo. Jina la zabibu au la eneo litakuwa mbele: Vermentino di Sardegna, Vermentino di Gallura, Colli di Luni, Riviera Ligure di Ponente. Herufi za DOC au DOCG zinaeleza kwamba mvinyo umetoka katika eneo lililowekewa mipaka na masharti. Mwaka wa mavuno ni muhimu kuliko uzuri wa picha. Mvinyo huu hupendeza zaidi ukiwa mchanga, kwa hiyo uliovunwa ndani ya miaka miwili au mitatu iliyopita ndio wa kununuliwa, na chupa iliyosimama muda mrefu kwenye kioo cha duka penye jua iachwe hapo hapo. Stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) iwepo, na programu ya simu ya mamlaka hiyo iitwayo Soma Label inaweza kuikagua papo hapo. Pombe bandia imeua watu Kenya mara kadhaa. Dakika moja ya kukagua stempu ni wajibu wa kila anayenunua kwa ajili ya wageni.

Asiyepata Vermentino hajakosa yote. Kinachotafutwa ni mvinyo mweupe, mkavu, wenye uchachu, ambao haukuwekwa muda mrefu katika mapipa ya mbao. Sauvignon Blanc wa Leleshwa, kutoka mashamba ya Bonde la Ufa karibu na Naivasha, unakaribia kwa harufu yake ya majani. Chenin Blanc wa Afrika Kusini hupatikana kwa wingi katika maduka ya miji ya Kenya. Dodoma, katikati ya Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Chenin Blanc ni miongoni mwa zabibu zinazotoa mvinyo mweupe wa huko. Msafiri anayepitia mji huo na abebe chupa. Katika yote haya neno la kutazamwa ni lile linaloonyesha kwamba mvinyo ni mkavu, "dry" kwa chupa za huku na "secco" kwa za Italia. Lebo inayotaja utamu iachiwe anayetaka kinywaji cha baada ya mlo.

Kupoza na kumimina

Vermentino hunywewa ukiwa na joto la nyuzi 8 hadi 10. Ule mzito wa Gallura huweza kufika 12. Nyumba yenye jokofu iweke chupa ndani kwa saa mbili au tatu. Pasipo jokofu, ndoo ya maji yenye barafu na konzi ya chumvi huipoza chupa kwa chini ya nusu saa, na hufanya hivyo haraka kuliko barafu isiyo na maji kwa sababu maji huizunguka chupa yote. Pasipo barafu pia, maji ya kisima yaliyotekwa alfajiri husaidia, hasa katika nchi ya juu kama hii: Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai inatosha kuipoza chupa iliyoachwa nje ikiwa imefunikwa. Mchana, chupa ifungwe kitambaa kilicholowa na kuwekwa kivulini penye upepo. Maji yanayokauka kwenye kitambaa huondoka na joto.

Glasi za kawaida zinatosha, mradi ziwe safi na zisinuke sabuni. Zijazwe chini ya nusu ili harufu ipate nafasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za kiasi, kwa hiyo watu kumi mezani wanahitaji chupa mbili kwa mlo mmoja, na jagi kubwa la maji kati yao. Aliyekuja na gari au pikipiki asipewe hata glasi moja. Mama mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na kileo, na kila aliye chini ya umri wa miaka 18 hawahusiki kabisa.

Meza yenye wasiokunywa

Magharibi mwa Kenya ni ngome ya Waquaker, ambao misheni yao ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902, na makanisa mengine mengi ya huko huwakataza waumini wao pombe. Mwenyeji asimshawishi mgeni, wala asimwachie soda tu kana kwamba ameadhibiwa. Chakula kilichopangwa kwa ajili ya mvinyo mchachu kinapatana na kinywaji chochote kichachu: maji baridi yenye limau, tangawizi iliyopondwa na majani ya mnanaa, bila sukari au kwa asali kidogo tu, hukata mafuta ya omena vilevile. Rosela iliyochemshwa na kupozwa ina uchachu na rangi ya kupendeza. Vinywaji hivi vimiminwe katika glasi zile zile na kwa wakati ule ule.

Mlo wa Desemba basi waweza kupangwa hivi. Kumbikumbi waliohifadhiwa tangu msimu wa mvua, au karanga za kukaanga kwa asiyekuwa nao, wapitishwe wageni wakiwa bado wamesimama uani, pamoja na mvinyo mwepesi wa Liguria au Sauvignon Blanc wa Naivasha. Mezani watangulie omena wakavu na ngege na kachumbari. Chupa ya Gallura ifunguliwe kuku anapoletwa na ugali, saga ya maziwa na malewa. Nyama ya kuchoma, kama ni lazima iwepo, ije mwisho na mvinyo mwekundu au bila mvinyo wowote, na keki ingoje chai.

Chupa ikibaki na kitu, izibwe na kurudishwa penye baridi. Itakaa siku mbili au tatu kabla ya kupoteza harufu. Ikizidi hapo haina haja ya kumwagwa. Kikombe kimoja cha mvinyo uliobaki kitiwe sufuriani kitunguu kikishalainika, kiachwe kichemke wazi hadi kipungue nusu, ndipo vipande vya kuku viingie na maji ya moto yaongezwe. Wageni wasiokunywa waambiwe mapema, kwa sababu si kileo chote kinachoisha motoni, nao wapikiwe sufuria yao.